Una nini nyumbani? Mwongozo kamili kwa Mkristo aliyekwama kifedha Mombasa

Novemba 2019 nilisimama kanisani kwenye harambee ya paa nikaahidi shilingi 15,000 ambazo sikuwa nazo. Waumini walipiga makofi. Jumatatu nilizikopa kwenye simu. Machi 2020 hoteli niliyokuwa nikishika stoo, huku pwani ya kaskazini, ilifungwa kwa ajili ya korona, na tukarudishwa nyumbani bila mshahara. Kufikia Juni nilikuwa na mikopo sita: wa tatu ulilipa wa pili, wa nne ukalipa wa tatu. Mke wangu alikuwa anajua miwili.

Siku hizi nimo kwenye kamati ya misaada ya kanisa letu huku Mikindani. Kila mwezi tunaketi na watu waliokwama: vibarua wa bandarini, akina mama wa vibanda, walimu wa shule ndogo za binafsi, madereva wa malori ambao kazi zao zilipungua tangu mizigo ilipoanza kupanda treni ya SGR. Nimejifunza kwamba kuificha hali kunagharimu kuliko hali yenyewe. Watu hukopa ili wasionekane wamekwama, na deni la kuficha ndilo huzaa haraka. Hatua zilizo hapa nimezipanga kwa kufuata ukweli huo.

Hatua ya kwanza: keti uhesabu

Yesu alisema hakuna anayeanza kujenga mnara bila kuketi kwanza na kuhesabu gharama (Luka 14:28). Na anayetaka kubomoa mnara wa madeni aketi vivyo hivyo. Omba dakika tano, kisha fungua daftari. Nasema dakika tano kwa makusudi. Nimewahi kukesha nikiomba usiku kucha ili tu asubuhi nisifungue ujumbe wa mkopeshaji, na nilikuwa nauita usiku huo imani.

Chukua daftari la mtoto la mistari. Chora safu nne: namdai nani au nadaiwa na nani, kiasi kilichobaki leo, siku ya kulipa, na kitakachotokea nisipolipa. Safu ya nne ndiyo muhimu, kwa sababu itakuonyesha kwamba anayepiga kelele sana si lazima awe ndiye hatari zaidi. Mkopeshaji wa simu hutuma jumbe kumi kwa siku. Mwenye nyumba amenyamaza, lakini yeye ndiye mwenye kufuli.

Andika yote, hata yale unayoyaona madogo: daftari la dukani, mitungi ya maji, zamu ya chama ambayo umeshaila na bado unachangia, karo, sacco, Fuliza (ule mkopo wa M-Pesa unaokuacha utumie zaidi ya ulicho nacho), elfu mbili ya shemeji. Kwa mikopo ya simu usikisie. Ingia kwenye menyu usome salio. Kisha fungua taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu, uisome mstari kwa mstari ukiwa na kalamu. Mimi nilikuta nimetumia karibu elfu tatu kwa mwezi katika ada za kukopa peke yake. Hiyo ilikuwa gesi na unga wa ngano wa nyumba yangu.

Hatua ya pili: mwambie mwenzako, kisha mtu mmoja tu

Mke au mume awe wa kwanza kujua, na aone daftari zima. Usimwambie nusu. Nusu ikigundulika baadaye huumiza kuliko deni. Mwambie watoto wakiwa wamelala, simu zikiwa mbali, na uanze na jumla: "Tunadaiwa 64,000. Nimekuficha sehemu yake. Haya hapa yote." Usianze na sababu, maana sababu zikitangulia zinasikika kama visingizio. Akikasirika, mwache akasirike. Mke wangu hakusema nami siku mbili, siku ya tatu akaleta daftari lake mwenyewe. Na yeye alikuwa na deni la vitenge.

Kisha tafuta mtu mmoja kanisani. Si lazima awe mchungaji. Tafuta mtu ambaye hujawahi kumsikia akisimulia shida za wengine: mama wa ushirika, mzee wa kanisa, hata mweka hazina. Nasema mmoja kwa sababu makanisa yetu yana ugonjwa wa kugeuza siri kuwa "ombi la maombi". Ukiambiwa, "Tutalileta mbele ya kikundi," sema kwa upole kwamba hujaridhia.

Katika 2 Wafalme 4 kuna mjane ambaye mdai alikuwa anakuja kuchukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha anamuuliza, "Una kitu gani nyumbani?" Anajibu kwamba hana kitu ila chupa ya mafuta. Mahubiri mengi hukimbilia mafuta yaliyojaa vyombo. Kinachonigusa mimi ni kwamba vyombo vyenyewe alitumwa kuviazima kwa majirani, tena aambiwe asiombe vichache. Hebu fikiria mtaa: mjane anabisha mlango kwa mlango akitaka mitungi mitupu. Jioni hiyo kila mtu alijua kuna jambo kwake. Mafuta yalimiminwa baada ya mlango kufungwa, lakini aibu ilibaki nje ya mlango, kwenye njia ya majirani.

Hatua ya tatu: acha kuchimba shimo

Hakuna mpango wa kulipa utakaofaulu kama bado unakopa. Futa programu zote za mikopo leo. Fuliza ukishalipa salio, jitoe kabisa, maana kila shilingi itakayoingia kwenye laini yako itamezwa kwanza.

Ona hesabu hii. Mkopo wa simu wa shilingi 10,000 unaotoza asilimia 7.5 kwa siku 30 ni shilingi 750. Inaonekana ndogo. Ukiusukuma mbele kila mwezi kwa mwaka mmoja umelipa 9,000, na elfu kumi bado iko pale pale. Shailoki, yaani mkopeshaji wa mtaani asiye rasmi, anayetaka asilimia 30 kwa mwezi atakuwa amekula 36,000 kwa mwaka huo huo. Mithali 22:7 inasema akopaye ni mtumwa wa akopeshaye, na kama umewahi kumwachia mtu kadi yako ya benki na namba ya siri ili ajitolee mshahara wako mwenyewe, huhitaji mchungaji akufafanulie mstari huo. Nenda benki, badilisha namba ya siri, kisha mrudie mdai na mpango wa kulipa. Kufanya hivyo si wizi. Wizi ungekuwa kutokomea.

Kuhusu kutokomea: kubadilisha laini hakufuti deni. Jina lako limeunganishwa na kitambulisho, nalo litafika CRB, kampuni zinazoweka kumbukumbu za wakopaji. Una haki ya kupata ripoti yako ya CRB bure mara moja kwa mwaka. Iombe, maana wengi hukuta deni walilolipa zamani bado linahesabiwa.

Kwa chama, wapigie viongozi kabla ya siku ya mkutano. Kama hujala zamu yako, omba upewe mapema au ubadilishane na mwenzako. Kama umeshaila, hilo ni deni kama madeni mengine, na wanachama wenzako ni maskini kama wewe. Liweke juu kwenye orodha.

Hatua ya nne: nyumba kwanza

Paulo anamwambia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani (1 Timotheo 5:8). Maneno makali, na yanaweka mpangilio: chakula, kodi ya nyumba, maji na tokeni za umeme, dawa, nauli ya kwendea kazini. Mdai yeyote anafuata baada ya hapo. Wengi hufanya kinyume. Wanamlipa anayetukana zaidi kwenye simu, halafu wanarudi kukopa unga.

Chukua mtu wa Changamwe anayeingiza 18,000 kwa mwezi. Kodi 4,500, chakula 7,500, maji na tokeni 1,300, nauli 1,800, sabuni na mengineyo 700. Jumla 15,800. Kinachobaki ni 2,200, na hicho ndicho kiasi chake cha kulipa madeni, hata kama wadai wote wanataka zaidi. Asiahidi 2,500.

Namna za kubana zipo, na hapa Mombasa baadhi zinasaidia kweli. Majirani watatu wakichanga na mmoja akaenda soko la Kongowea alfajiri, gunia la viazi au kitunguu hugawanywa kwa bei ambayo kibanda hakiwezi kukupa. Anayefanya kazi ng'ambo ya Likoni avuke feri kwa miguu, ni bure, apande matatu upande wa pili. Mbaazi za nazi na sima si chakula cha adhabu kwa Mpwani yeyote. Lakini usibane hadi kuruka dawa za presha au kumtoa mtoto shule kimya kimya. Hizo ni akiba zinazorudi na riba.

Hatua ya tano: suala la zaka

Hapa ndipo watu hunong'ona baada ya ibada: "Nadaiwa kodi miezi miwili. Nitoe zaka au nilipe?" Wachungaji hawajibu sawa, nami si mchungaji. Nitasema ninavyowaambia wanaoketi mbele ya kamati yetu.

Malaki 3 ipo, na siwezi kuifuta. Lakini soma pia Marko 7, Yesu anapowakemea waliosema mali yao ni Korbani, imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Na soma 2 Wakorintho 8:12: nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Kwa hiyo toa katika kilichoingia, hata kama ni shilingi hamsini, lakini usitoe kamwe katika kilichokopwa. Sadaka ya mkopo wa simu ni pesa ya mkopeshaji, na wewe umeipitisha tu madhabahuni. Mimi nilifanya hivyo kwa paa, na lile paa nililipa karibu mara mbili.

Na yule mhubiri wa redio au wa mtandaoni anayetaka "upande mbegu" ya elfu moja kwenye namba yake ili deni lako livunjike: zima. Elisha hakumtoza mjane hata tone la yale mafuta. Alimwambia akauze, alipe deni, na kinachosalia waishi nacho yeye na wanawe.

Kama uliweka ahadi ya harambee na huwezi tena, mwendee mweka hazina umwambie. Mimi nilitetemeka nikienda. Alifungua kitabu, akapiga mstari, akaniuliza watoto wamekula nini.

Hatua ya sita: waendee wadai kabla hawajakujia

Siku tatu kabla ya tarehe ni bora kuliko siku moja baada yake. Nenda mwenyewe kwa mwenye nyumba, kwa muuza duka na kwa bursa wa shule. Kwa mkopeshaji wa simu andika ujumbe au barua pepe ili ubaki na ushahidi.

Kwa mwenye nyumba: "Mzee, shikamoo. Nimekuja kabla ya tarehe tano kwa sababu kodi yote sitakuwa nayo. Nina 3,000 leo, na 1,500 nitaileta tarehe 18 nikilipwa kibarua. Naomba uniandikie kwenye risiti." Nenda na hizo 3,000 mkononi. Wenye nyumba wengi hapa ni Waislamu, wanaijua vizuri kauli ya kumpa muhula mwenye dhiki, na hawahitaji hadithi ndefu. Wanataka tarehe ambayo haitageuka tena.

Kwa muuza duka, omba daftari lifungwe: deni la zamani lisiongezwe, ulipunguze kidogo kidogo, na kuanzia leo ununue kwa pesa taslimu, hata kama ni nusu kilo. Atakuheshimu zaidi.

Tumrudie yule wa Changamwe. Anadaiwa 10,000 na shailoki, 6,000 kwenye simu, 3,000 dukani na 3,000 za binamu. Jumla 22,000. Akigawa zile 2,200 kwa uwiano, kila mdai anapata sehemu ya kumi: 1,000, 600, 300 na 300. Kwa watatu wa mwisho mpango huo unasimama. Kwa shailoki hausimami, kwa sababu riba yake ni 3,000 kwa mwezi, na elfu moja yako haifikii hata magotini. Deni la namna hiyo halilipwi polepole. Huuliwa kwa mkupuo. Uza kitu: friji, televisheni, cherehani ya pili. Nenda na pesa mkononi, na uende na mtu, mzee wa kanisa au mzee wa mtaa. Nehemia hakuwaacha maskini wa Yerusalemu wapambane na wakopeshaji peke yao. Aliita mkutano, akasimama mbele ya matajiri, akawataka warudishe mashamba na waache riba (Nehemia 5). Mdai aliyekuwa mkali kwako peke yako mara nyingi hulegea akimwona mzee ameketi kando yako. Sema, "Hii 8,000 ni ya kufunga, tuandikiane." Wengi hupokea. Usiondoke bila maandishi na kitambulisho chako kama alikishika.

Jua pia haki zako. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kukutisha, kukutukana, au kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili wakuaibishe. Mkopeshaji anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, na orodha yao iko wazi. Piga picha za jumbe za vitisho, uzihifadhi. Kwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira ya 2007 haimruhusu mwajiri kukata zaidi ya theluthi mbili ya mshahara wako, hata uwe na mikopo mingapi. Ukitishiwa kesi, Kituo cha Sheria wana ofisi hapa Mombasa na huwasaidia wasio na uwezo. Ukipokea karatasi ya mahakama, usiifiche chini ya godoro. Nenda siku iliyoandikwa.

Hatua ya saba: chupa ya mafuta

Kubana kuna mwisho wake, lazima kiingie kitu. Lakini anza na ulicho nacho, si na mkopo wa kuanzisha biashara. Nimeona karai la viazi likianzishwa kwa elfu moja na likalisha familia, na nimeona kibanda cha M-Pesa kilichoanzishwa kwa mkopo kikifungwa ndani ya miezi miwili.

Orodhesheni nyumbani vifaa, ujuzi na saa zilizo wazi. Anayejua kupika mahamri ana soko la alfajiri kwenye kila steji. Mwezi wa Ramadhani majirani hununua sambusa, bajia na kaimati kila jioni. Muulize jirani yako Mwislamu afadhali uuze nini na saa ngapi, naye ataonja akwambie ukweli. Aliyefanya kazi hotelini anajua kwamba baada ya Pasaka mvua za masika hushusha wageni hadi karibu Julai. Miezi hiyo tafuta kupika kwenye harusi na matanga, na ukumbushe hoteli jina lako kabla msimu haujarudi.

Jihadhari na mawili. La kwanza ni wakala wa kazi za Ghuba anayetaka pesa mbele. Hakikisha ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla hujampa hata nakala ya pasipoti. La pili ni biashara yoyote ambayo faida yake inatokana na kusajili watu wengine. Hiyo huingia makanisani kupitia kwa ndugu tunaowaamini, na ikianguka huondoka na nusu ya ushirika.

Hatua ya nane: kuomba msaada kanisani

Mitume waliweka watu saba kusimamia chakula cha wajane (Matendo 6), kwa hiyo kuomba si kuvuruga ibada. Njoo na daftari lako, na omba kitu kimoja kinachojulikana: kodi ya mwezi mmoja, salio la karo ya mtihani, mchango wa SHA, bima ya afya ya serikali, ili mama apate matibabu. "Naomba mnisaidie tu" huzaa sala nyingi na pesa kidogo.

Omba msaada ulipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba au kwenye akaunti ya shule. Mwaka jana tulimtumia dada mmoja 4,000 za chakula kwenye laini yake. Zilipoingia, Fuliza ikazimeza kabla hajafika dukani. Tangu hapo tunamlipa mwenye duka.

Ikiwa usingizi umekimbia kwa majuma, au umeanza kuona afadhali ufe, hilo mwambie mtu leo, kabla ya hatua nyingine yoyote. Hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili, na kwenda huko si upungufu wa imani.

Hatua ya tisa: njiani kutoka

Deni dogo likiisha, pesa uliyokuwa ukilipia isirudi mfukoni. Iongeze kwenye deni linalofuata, ila shilingi mia mbili au tatu uzitie kwenye akiba, ziwe za mtoto kuugua usiku. Kila deni likifungwa dai uthibitisho kwa maandishi, na baada ya muda angalia kama CRB wamebadilisha taarifa zako. Mimi ilinichukua miezi kumi na tisa. Katikati nilirudi nyuma mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya mazishi ya baba mkwe, na kwa hilo sikujilaumu sana.

Siku ukianza kupumua, watakuja kukuomba udhamini. Mithali 6 inamwambia aliyejifunga kwa maneno ya kinywa chake asilale usingizi hadi ajinasue, na wadhamini wengi wa sacco ninaowajua wangeitikia amina. Mimi huwa nasema hivi: "Ndugu yangu, kukudhamini sitaweza. Lakini hii mia tano ni yako, si deni, na Jumamosi jioni njoo na daftari la mistari, tuketi."